Wauzaji wa mtandaoni, tuambieni bei ya mpaka mlangoni

Siku hizi kila mwenye simu katika Goma, Bukavu ao Lubumbashi anatembea na soko ndani ya mfuko. Picha ya viatu vya mtoto inapita kwenye grupu la WhatsApp, chini yake imeandikwa: dola 8. Mama mmoja anauliza kama namba 30 iko. "Iko, mama. Njoo inboksi." Huko inboksi, mbali na macho ya watu, ndiko anakoambiwa kwamba kuvifikisha nyumbani ni dola 7. Viatu vya namna ile angevipata Birere kwa dola 12. Lakini sasa mtoto amekwisha kuona picha, avansi ya dola 3 imekwisha kwenda kwa Airtel Money, na muuzaji amesema wazi kwamba avansi hairudi. Mama analipa dola 15 huku ananung'unika.

Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe, lakini hatuamini kuna msomaji anayenunua vitu kwa simu ambaye hautambui.

Maoni yetu juu ya jambo hili ni haya. Muuzaji ana haki ya kulipisha kazi ya kufikisha kitu kwa mteja, tena ana haki ya kupata faida, kwani ndiyo biashara. Lakini faida iwekwe kwenye bei ya kitu. Akiificha ndani ya feza ya livrezoni, anamdanganya mteja, hata kama kila namba aliyoitaja ameitaja kwa mdomo wake.

Tuanze na haki ya wauzaji, maana wengi wao ni vijana waliomaliza chuo na kukosa kazi, ao akina mama wanaolisha nyumba kwa simu moja tu, na wengi wanaowalaumu hawajui kazi ile inavyochosha. Posta haileti kifurushi mlangoni kwetu. Nyumba nyingi hazina namba, na anwani ya mteja ni maneno tu: "Ukifika kwenye kanisa, uulize kwa Mama fulani." Motari anapanda mpaka Ndosho juu ya mawe ya volkano, anapiga simu mara tano, simu imezimwa. Kesho yake mteja anaandika: "Samahani, nilikuwa kwenye matanga." Moto imelipwa, kitu kimerudi dukani, na hiyo hasara hakuna anayemrudishia muuzaji. Mwenye kuomba feza ya moto mbele ya kutuma kitu hatumwiti mwizi. Amejifunza kwa machungu.

Tena kuna umbali wenyewe. Vitu vingi tunavyoviona kwenye simu vinatoka China ao Dubai. Vinashuka kwenye bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, vinapanda lori, vinavuka mipaka miwili ao mitatu, vinapita duane. Vya Lubumbashi vinalala Kasumbalesa mpaka zamu yao ifike. Kwa sisi wa Goma, tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga pia, na kifurushi cha Kinshasa ambacho zamani kilipanda ndege moja kikaanza kuzungukia nchi za jirani. Kila mzunguko una mtu wa kulipwa.

Na kuna hesabu moja ambayo wateja wengi hawaijui, nayo inaleta ugomvi bure. Ndege haipimi kilo peke yake, inapima na nafasi. Katoni yenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40, unazidisha namba zote tatu, unagawanya kwa 6,000, unapata 20. Hata kama ndani kuna mito ya kulalia yenye kilo 6 tu, utalipishwa kilo 20. Kompani za kutuma haraka hugawanya kwa 5,000, na hapo katoni ile ile inakuwa kilo 24. Basi mtu aliyeagiza kitu chepesi lakini kinene asishangae usafiri ukipita bei ya kitu chenyewe. Muuzaji naye, badala ya kukasirika anapoulizwa, angemtumia mteja picha ya fatura ya msafirishaji. Ni jambo la dakika moja.

Kwa hiyo hatusemi kwamba livrezoni kubwa ni wizi. Tunasema juu ya ile isiyo na uhusiano wowote na njia, na uzito, wala na mtu aliyebeba. Namna ya kuitambua ni rahisi, na tunaomba kila mnunuzi aijaribu. Muulize muuzaji: "Na nikija kuchukua mwenyewe?" Mwenye kulipisha usafiri wa kweli atakujibu bila shida: njoo, utalipa bei ya kitu peke yake. Mwenye kuficha faida ataanza kusema mengine. Atasema hana duka, atasema kitu kiko depo mbali, atasema bei ya kuchukua mwenyewe ni nyingine. Tazama hiyo bei nyingine vizuri. Kama viatu vya dola 8 vimekuwa dola 14 kwa sababu umekuja kwa miguu yako, basi havikuwahi kuwa vya dola 8.

Watu wengine watatuambia: kuna ubaya gani? Dola 8 na 7, ao dola 14 na 1, jumla ni 15 tu, na mteja amekubali. Kwa mnunuzi anayepokea kitu kizima na kufurahi, kweli tofauti ni ndogo. Lakini tazama siku kitu kinapofika kibovu, ao viatu ni namba 28. Karibu kila muuzaji ana neno moja analolirudia: "Tunarudisha bei ya kitu, livrezoni hairudi." Neno hilo ni la haki kama livrezoni ni feza iliyokwenda kweli kwa motari. Kama nusu ya bei imehamishiwa huko, basi nusu ya bei imewekwa mahali ambapo mteja hawezi kuifuata tena. Anarudishiwa dola 8, na muuzaji aliyetuma kitu kibovu anabaki na karibu dola 7 zote. Amepata faida kwa kosa lake mwenyewe. Sisi tunaona ubaya mkubwa wa jambo hili uko hapo, kuliko hata kwenye yale manung'uniko ya bei.

Motari naye anaumia, ingawa ni nadra kusikia mtu akimtaja. Mteja aliyeambiwa "moto dola 7" anamngojea mlangoni yeye, na hasira inamwangukia yeye. Anaitwa mwizi mbele ya majirani, wakati muuzaji amempa franka elfu chache tu za kwenda na kurudi, na petroli ni juu yake. Motari hajui hata ni feza gani imetajwa kwa jina lake. Wateja wetu wapendwa, mbele ya kumfokea kijana wa watu, mumuulize kwa upole amepewa ngapi. Jibu lake litawaonyesha mgomvi wenu ni nani.

Ugonjwa huu haukuanzia Kivu. Kwenye eBay, soko kubwa la mtandaoni la Marekani, wauzaji waliuza vitu kwa senti 1 na kulipisha dola kadhaa za usafiri. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba kompani ilikata komisheni yake kwenye bei ya kitu, haikugusa feza ya usafiri. Mwaka 2011 eBay ikaanza kukata komisheni kwenye jumla, usafiri ukiwa ndani, na faida ya ujanja ule ikapungua. Mwaka ule ule Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yenye mambo mawili ambayo tungependa kuyaona kwetu. La kwanza, mnunuzi ambaye hakuambiwa feza ya usafiri mbele ya kuagiza halazimiki kuilipa. La pili, akirudisha kitu ndani ya siku 14, muuzaji anamrudishia bei pamoja na feza ya usafiri wa kawaida aliyolipa mwanzoni. Ukimlazimisha muuzaji kurudisha na usafiri, hana tena sababu ya kuhamishia bei huko.

Kwetu, sheria namba 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 inaacha bei ziwe huru, na hatuombi irudi nyuma. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nchi ilipata pia kodi ya mambo ya dijitali, ambamo biashara ya elektroniki imepewa nafasi yake. Lakini tuseme ukweli: muuzaji wa grupu la WhatsApp, asiye na duka wala rejista ya biashara, hakuna sheria inayomfikia leo. Na kumtuma mkaguzi kwenye grupu, katika miji yetu ya sasa, ni kuongeza mtu mmoja wa kulipwa. Nani atamlipa? Ni yule yule mama wa viatu.

Wauzaji waaminifu wana malalamiko yao, na tunayachukua kwa uzito kuliko mengine yote. Wanasema: "Nikiandika dola 14 na jirani yangu akiandika dola 8, nani atanipigia simu?" Ni kweli kabisa. Mwenye kusema ukweli anaonekana ghali, mwenye kuficha anaonekana rahisi, na baada ya miezi michache mwaminifu naye anaanza kuficha, la sivyo anafunga. Ndiyo sababu hatuwezi kuliacha jambo hili kwa dhamiri ya kila mmoja. Linahitaji kanuni moja inayowafunga wote wanaouza mahali pamoja, siku moja.

Mahali hapo pana wenyewe, nao ni wasimamizi wa magrupu. Wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Wanafuta matusi, wanafuta siasa, wanamtoa mtu anayetuma picha za aibu. Basi waweke na kanuni kwamba tangazo lisilo na jumla ya bei linafutwa. Jibu la "njoo inboksi" likome pale mtu anapouliza bei. Mambo ya siri ya mteja, namba yake na nyumba yake, hayo yaende inboksi. Bei si siri ya mtu.

Wakiwa hapo wangetazama na hii desturi ya "ongeza na ya kutolea." Mteja anatuma dola 15 kwa M-Pesa, anaombwa aongeze feza ya kutoa kwenye kibanda. Halafu muuzaji haitoi. Anaituma moja kwa moja kwa msambazaji wake, na feza ya kutolea inabaki kwake. Ni kidogo, lakini ukiwa na wateja 40 kwa juma si kidogo tena. Na wale wanaotaja bei kwa dola kisha wanahesabu franka kwa kiwango chao wenyewe, waandike kiwango hicho.

Livrezoni ya bure hatuipingi. Tunajua si ya bure, imeingia kwenye bei, na mtu wa Katindo anamlipia kidogo mtu wa Mugunga. Lakini angalau namba aliyoiona mteja ndiyo namba atakayolipa, na siku ya ugomvi inarudi yote.

Kwa muuzaji ambaye anataka kulipisha na kazi yake ya mkono, yaani kusimama bariyeri tangu asubuhi, kufunga kifurushi, megabaiti za kujibu watu mia, tunasema aiandike kwa jina lake. "Kazi yangu: dola 1." Wateja wa kwetu wanajua kazi ni nini, na wengi watamlipa bila neno kuliko kumlipa motari wa uongo.

Tangazo zuri tunaloliota halihitaji hata mistari mitano. Pasi ya umeme, mpya, dola 13. Moto: Himbi na Katindo franka 3,000, Ndosho na Mugunga franka 6,000. Ukija kuchukua mwenyewe, dola 13. Isipowaka, unarudishiwa yote, na ya moto. Namba hizo ni za mfano, kila muuzaji ataweka zake. Msimamizi wa kwanza atakayelifanya kuwa kanuni ya grupu lake atuandikie, tutarudi baada ya miezi mitatu kuuliza wauzaji wake wamepoteza wateja wangapi.