Boti mpya si hoja, nani ataikagua krosi?

Umewahi kupanda matatu ambayo kila dereva akikanyaga mafuta, chini ya sakafu kunagonga ko-ko-ko? Makanga anakwambia tulia, gari ni zima. Lakini muulize fundi wa mtaani. Hata hainami: krosi ya propela shafti imekwisha. Krosi ndiyo kiungo kinachouwezesha mhimili kuzunguka huku umepinda. Ikilegea hugonga, ukiipuuza hukatika, nanyi mnashuka kando ya barabara kungoja gari lingine.

Sasa ihamishe krosi hiyo baharini. Huko hakuna kando ya barabara.

Kuna boti ambazo injini hukaa ndani, upande wa nyuma, ilhali mguu unaobeba rafadha, ile feni inayosukuma maji, uko nje. Muundo huu uliletwa sokoni na Volvo Penta ya Uswidi mwaka 1959, na MerCruiser ya Marekani ikafuata 1961. Hutumika sana kwenye boti za starehe na za mwendo kasi. Usiuchanganye na ile mashine inayofungwa nje nzima, uliyoizoea kwenye boti za wavuvi kule Kisumu au Lamu.

Kati ya injini na mguu huo kuna mhimili unaopita kwenye tundu la ukuta wa nyuma wa boti. Mhimili una krosi mbili, kwa sababu mguu sharti ugeuke kushoto na kulia, na pia uinuke. Ndani ya kila krosi mna beringi za vijiti vyembamba kama sindano, vinavyoishi kwa grisi. Kinachozuia maji yasifike hapo ni mpira wenye mikunjo kama kodiani. Ni huo tu!

Mpira huo ukipasuka kwa uzee, kwa jua au kwa kukatwa na vile vigamba vikali vinavyoota chini ya boti, maji ya chumvi yanaingia. Grisi inaoshwa, beringi zinashika kutu, krosi inaanza kulegea. Nahodha akikata kona anasikia mgongo. Beringi kubwa inayoushikilia mhimili ikiharibika, inanguruma, na sauti hubadilika usukani unapogeuzwa. Akiendelea tu, mhimili unaweza kukatika. Isitoshe, maji yanaweza kupenya hadi ndani ya boti. Boti iliyofungwa gatini usiku, bila mtu ndani, inaweza kuzama kwa sababu ya mpira mmoja.

Ndiyo maana watengenezaji huelekeza mpira, krosi na beringi hizo zikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Fundi huuchomoa mguu, anazungusha krosi kwa mkono, anatafuta kutu na kulegea, kisha anapima kama injini imekaa sawa na mhimili. Ni kazi ya saa chache. Kuununua mguu mpya baada ya kuharibika ni mzigo mwingine kabisa.

Unauliza, mbona nakuchosha na mambo ya mpira? Kwa sababu ni pesa na kazi zako zinazozungumziwa.

Novemba 2018, Kenya ilizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani na mwezi huo huo ikawa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la uchumi wa samawati jijini Nairobi. Tangu hapo, bahari na maziwa hayakosi kwenye hotuba. Vijana tunaambiwa ajira ziko majini. Sawa, sikatai. Lakini tazama tunavyosherehekea: boti mpya ikija, utepe unakatwa, picha zinapigwa, mitandao inajaa pongezi. Ni lini umeona mkubwa akikata utepe wa mpira mpya au mkebe wa grisi?

Hapo ndipo shida ilipo. Kununua kunaonekana, kutunza hakuonekani. Bajeti ikibana, ukarabati ndio hukatwa kwanza, maana hakuna atakayegundua leo. Atakayegundua ni abiria katikati ya maji, mawimbi yakiwa yameinuka.

Na hapo hapo ndipo nafasi yako ilipo, kijana mwenzangu. Anayejua krosi ya lori tayari anajua nusu ya kazi hii. Nusu nyingine ni chumvi, kutu, kuzuia maji na kusoma kitabu cha mtengenezaji badala ya kukisia. Hilo linahitaji mafunzo. Chuo cha Bandari Maritime Academy kipo Mombasa, na vyuo vya ufundi vimetapakaa nchini. Mjadala wa ajira za majini ukizungumzia mabaharia wa meli za ng'ambo pekee, mafundi wa gatini wanasahauliwa, ilhali bila wao hakuna boti inayotoka.

Kwa hivyo, kaunti yako ikitangaza inanunua boti, iwe ya uokoaji, doria au utalii, usiishie kubonyeza "like". Uliza maswali matatu. Pesa za ukaguzi wa kila mwaka ziko wapi? Vipuri vitatoka wapi, na vitachukua muda gani? Fundi ni nani, na amefunzwa wapi?

Wakikosa majibu, basi jua wamenunua picha. Na picha haiokoi mtu anayezama.