Hewa Haitoshi Kushibisha Maharagi

Hewa ya kaboni inayotoka kwenye moshi wa magari, viwanda na misitu inayochomwa inazidi kuongezeka. Mimea inakula hewa hiyo. Basi maharagi yetu yatazaa zaidi? Yanaweza, lakini udongo ukiwa na njaa, hewa haisaidii. Udongo mwingi wa Walungu una uchachu na fosforo kidogo. Bila fosforo, vifundo vya mizizi vinavyolisha maharagi azoti vinalegea.

Tena, mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba soya na njegere zilizokuzwa katika kaboni nyingi zilipungukiwa chuma na zinki. Chuma ndicho kinachojenga damu ya mwenye mimba na ya mtoto.

Tufanye nini? Maharagi yakitoa maua, tung'oe shina moja, tupasue vifundo. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe, msimu ujao tutie mbolea ya mbuzi au dende, pamoja na majivu kidogo. Tutafute mbegu za maharagi yenye chuma kingi. Mezani tuongeze nyanya au ndimu, na chai tuinywe baadaye, maana inazuia chuma kuingia mwilini.