Je, Filamu ni Mwizi wa Kitabu?

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Maneno haya nayaelekeza kwako wewe mwenzangu ambaye kitabu kikitajwa tu, wadakia: "Aa, hicho si nimeona filamu yake!"

Hebu tumtazame Andrew Davies. Huyu ni mzee wa kutoka Wales, aliyezaliwa mwaka wa 1936, na alikuwa mwalimu kabla ya kupata jina katika uandishi wa runinga. Sifa zake nyingi zinatokana na kuvigeuza vitabu vikongwe kuwa michezo ya runinga. Mwaka wa 1995 shirika la BBC lilionyesha Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa mwaka wa 1813, katika vipindi 6 alivyoviandika Davies. Waingereza wapatao milioni 10 waliutazama mchezo huo.

Ndani yake mna tajiri mwenye maringo aitwaye Darcy. Siku moja anajitosa katika ziwa dogo nyumbani kwake. Baadaye, shati likiwa chepechepe, anakutana ana kwa ana na Elizabeth, msichana aliyekwisha kumkataa. Jamani, watazamaji walivyoshangilia! Mwaka wa 2013 hata sanamu kubwa ya Darcy ilisimamishwa majini katika bustani ya Hyde Park, London.

Sasa fungua kitabu. Hakuna mahali Darcy anapooga ziwani. Anatokea tu kwenye njia ya kutoka kwenye mazizi ya farasi, nguo zake hazina hata tone. Sanamu nzima imejengwa kwa jambo ambalo Austen hakuliandika!

Je, Davies ni mwizi? La hasha! Riwaya ile karibu yote twaiona kwa macho ya Elizabeth. Mwandishi wa kitabu aweza kutueleza mtu anawaza nini, lakini kamera haisomi moyo. Huonyesha uso na mwili tu. Ndiyo sababu Davies akamtia bwana huyo majini, tuone jinsi alivyochemka ndani. Isitoshe, mchezo ule uliwafanya wengi wakinunue kitabu. Hilo ni jema, nani atalipinga?

Hata hivyo, lawama nazo hazikukosa. Mwaka wa 2016 alipoigeuza War and Peace ya Tolstoy, baadhi ya watazamaji walinung'unika kwamba mambo ambayo mwenye kitabu aliyagusia tu, yeye aliyaanika peupe. Mwaka wa 2019 ukaja mchezo wa Sanditon. Austen alifariki mwaka wa 1817 akiwa ameandika sura 11 na kipande tu, kwa hivyo sehemu kubwa ya hadithi ilibidi itungwe upya. Mwishoni wapenzi wawili wakatenganishwa. Watazamaji wakawaka moto, wakadai hadithi iendelee, na kweli ikarudi mwaka wa 2022.

Tazama tofauti hapo. Waliolalamikia War and Peace waliweza kufungua ukurasa na kusema, "Bwana, hapa sivyo ilivyoandikwa." Wale wa Sanditon walibaki na hasira yao tu, kwa maana kitabu cha kuwaamulia hakikumalizika. Mwenye kitabu ana ushahidi. Asiye nacho ana kelele.

Na sisi je? Vikundi vya waigizaji huja shuleni kutuigizia vitabu teule. Twacheka mpaka mbavu zauma. Lakini waigizaji nao huongeza vichekesho vyao na kupunguza mazungumzo marefu, tena wana haki, maana jukwaa ni jukwaa. Taabu ni mwanafunzi ambaye hajafungua hata ukurasa mmoja. Atajuaje kipi ni cha mwandishi na kipi ni cha mwigizaji? Siku ya mtihani atamwandikia mtahini kichekesho, kisha alie ati ameonewa!

Sisemi tususie filamu wala maigizo. Tuyatazame, tena tukiwa wengi! Ila tusome kwanza. Na chama chetu cha Kiswahili kitenge nusu saa baada ya kila onyesho, tuulizane: kimeongezwa nini, kimeachwa nini, na kwa nini? Anayekuja na kitabu chake na aketi mbele. Anayekuja mikono mitupu naye akaribie, lakini asishangae akikosa la kusema.