SEHEMU YA 3: "Mama kasafiri" na katuni ya Totoro

Juzi nilipowasifia My Neighbor Totoro, ile katuni ya Kijapani ya mwaka 1988 ninayoangalia na mwanangu wa miaka minne, nilipata majibu ya aina mbili. Kuna waliosema, "Nesi, haina hata adui, mtoto atachoka." Na kuna waliosema, "Ina mama mgonjwa, unamtia mtoto hofu bure." Leo nawajibu, msininunie.

Kwanza hilo la kuchoka. Kuna sehemu Satsuki, dada mtu, yuko kituo cha basi usiku, mvua inanyesha, mdogo wake Mei kalala mgongoni. Wanamsubiri baba. Pembeni linakuja dude kubwa la manyoya, limejifunika jani kichwani. Ndiye Totoro. Satsuki anampa mwavuli. Matone yanapiga juu ya mwavuli, Totoro anafurahia ule mlio, anaruka, anatua kwa kishindo, na maji yote ya kwenye miti yanamwagika kwa pamoja. Basi, ni hivyo tu! Mwanangu hucheka mpaka anakaa chini, kila tukiangalia. Mvua anaijua. Kumsubiri baba anakujua. Kubebwa mgongoni ndiyo usiseme. Wanaochoka ni sisi, tuliozoea kumpa mtoto simu yenye video za makelele ili tupate kupika.

Sasa la hofu, na hapa ndipo penye ugomvi wangu na ninyi.

Wodini kwetu aliwahi kulazwa mama mmoja wiki mbili. Bibi akaniuliza, mjukuu nimwambieje? Nikamjibu haraka haraka, dripu mkononi: "Mwambie mama kasafiri." Siku ya mama kuruhusiwa, mtoto aliletwa mpaka mlangoni. Hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya bibi yake, akauliza, "Mama, kwa nini ulikuwa hutaki kurudi?" Yule mama alilia kuliko alivyolilia kidonda. Ushauri ule ulikuwa wangu mimi, mwenye diploma ya uuguzi.

Ndiyo maana naipenda hii katuni. Baba wa akina Satsuki hawafichi wanawe. Anawapakia kwenye baiskeli, wanakwenda hospitali kumwona mama, naye anamchana Satsuki nywele akiwa palepale kitandani. Halafu inakuja telegramu ya kuwataka wawasiliane na hospitali, na baadaye wanaambiwa mama hatakuja nyumbani wiki hii, ana mafua kidogo. Satsuki anaangua kilio mbele ya bibi jirani, kwa sababu hata mara ya kwanza waliambiwa ni mafua tu, ni siku chache tu. Mnaona? Mtoto anakumbuka tulivyomdanganya. Na Mei, aliyesikia kwamba mboga za bibi zitamponya mama, anabeba hindi lake na kwenda hospitali peke yake kwa miguu, anapotea.

Mtengenezaji wake, Hayao Miyazaki, alikuwa anajua anachokisema. Utotoni mama yake mzazi aliugua TB ya uti wa mgongo kwa miaka mingi.

Nakubali, pale Mei anapopotea panatisha. Mwanangu hunishika mkono. Kwa hiyo kaa naye, usimwachie televisheni ukaondoka. Lakini mtazame pia pale lile basi la paka linapowafikisha hospitali, wakamwona mama kutoka juu ya mti, anacheka na baba. Wanamwachia hindi dirishani. Mama hajapona bado, na mtoto wako anapumua. Kurudi kwake nyumbani tunakuona mwishoni kabisa, kwenye picha zinazopita na majina.

Mtoto haogopi kujua kwamba mama anaumwa kama anavyoogopa kuona watu wazima wananong'ona na hakuna anayemwambia kitu.

Kwa hiyo ukilazwa wewe, au dada yako, mtoto aambiwe hivi: "Mama anaumwa, yuko hospitali, manesi wanamhudumia. Siyo kosa lako. Anakupenda." Kama siku ya kurudi haijulikani, usiitaje. Na kama wodi hairuhusu watoto kuingia, apige simu amsikie sauti, au achore kitu kipelekwe. Nitakipeleka mimi mwenyewe mpaka kitandani.

Sehemu ya 4: mtoto mwenyewe anapolazwa. Tukutane Jumamosi, nikitoka zamu ya usiku.