Kikomo cha kodi ya pango humlinda aliyekwisha kuingia

Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, baadhi ya majirani zangu hapa Bweyeye waliokuwa wakiishi kwa biashara ya kuvuka walianza kutafuta vyumba Kamembe na Kigali. Walirudi na malalamiko yale yale: kodi ya pango iko juu, mwenye nyumba anataka ya miezi kadhaa mbele, na dalali anataka chake kabla hujaona hata mlango. Wananiuliza, kwa nini serikali isiweke kikomo kama walivyofanya wenzetu wa Tanzania, Kenya na Uganda?

Swali ni la haki. Lakini mimi nimekulia ukimbizini Dar es Salaam, chini ya kikomo hicho hicho, wala sikumbuki kama kilitusaidia.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, yakaja kuwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria mpya ya kudhibiti kodi. Ghorofa za katikati ya jiji, zenye sifa nzuri na karibu na soko, zikawa za bei nafuu mno. Nani angetoka? Aliyekuwa ndani alibaki, akawaachia watoto, au akauza ufunguo kwa siri. Malipo hayo yaliitwa kilemba, na yeyote aliyeishi mjini miaka ile analifahamu neno hilo. Baba yangu, mkimbizi asiye na ndugu ofisini, hakuwa na kilemba cha kutoa. Tulipanga chumba kimoja kwa mtu ambaye naye alikuwa mpangaji. Tulichomlipa kwa chumba kile kilizidi alicholipa yeye kwa nyumba nzima. Mama aliziona risiti zake.

Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Nafuu haikuja, kwani wenye nyumba wengi wa Dar wanadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Kenya nako, baraza la kodi za nyumba husikiliza mashauri ya nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi ya leo, fedha hiyo ni ya chumba cha mabati. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2022: kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asifukuzwe bila amri ya mahakama. Hiyo naiona ya busara zaidi, ingawa mgeni anayebisha hodi bado atatajiwa bei ya siku hiyo.

Kwetu Rwanda kodi ni mapatano. Kwa mtazamo wangu, kinachowaumiza majirani zangu kwanza ni fedha ya mbele, ambayo ndiyo mtaji wenyewe wa biashara, kisha kukosa maandishi. Tukitaka kudai kitu, tudai mpaka wa malipo ya mbele, risiti, na muda wa notisi. Na vyumba vijengwe. Vikiwa vichache, kilemba hakikosi njia.

Wiki iliyopita jirani mmoja alikuja na furaha, amepata chumba Kamembe katika jengo linalosifiwa na kila mtu. Nikamwomba anionyeshe mkataba. Alinionyesha namba ya simu ya dalali.