Musiweke waya mahali pa fizibu

Wandugu, mimi niko injenieri wa umeme hapa Goma. Siko na chama, siko natafuta kiti. Niko na bisibisi, ngazi, na deni la watu wawili watatu wenye hawajanilipa bado.

Mara mingi wananiita kwenye nyumba yenye umeme unakatika kila jioni. Mwenye nyumba ananiambia: "Injenieri, ile fizibu njo inatusumbua. Itoe, weka tu kawaya." Na ni kweli, nikiweka waya, umeme hautakatika tena. Frigo itafanya kazi, televizio itawaka, mama ya nyumba atanisifu. Mpaka usiku mumoja umeme unazidi, hakuna kitu cha kuukata, na moto unaanza ndani ya dari wakati watoto wamelala. Munajua nyumba zetu za mbao. Avenue nzima inaweza kuisha mbele chai ipoe.

Fizibu ni kitu cha bei ndogo sana. Kazi yake ni moja tu: kukataa.

Katiba yetu iko na fizibu. Tuliipigia kura mu referandumu ya Desemba 2005, ikatangazwa Februari 2006. Kifungu cha 70 kinasema rais anachaguliwa kwa miaka 5, na anaweza kurudia mara moja tu. Kifungu cha 220 kinasema hesabu ya manda za rais na urefu wake haviguswe na marekebisho yoyote. Wenye waliandika vile walikuwa wametoka kwenye vita, walijua vizuri namna gani mutu anakaa kwenye kiti na kusahau njia ya kutokea.

Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais alisema Katiba hii si nzuri, iliandikwa na wageni, na kwamba ataweka tume ya kuichunguza. Watetezi wake wanasema inachelewesha kazi ya serikali. Sawa. Mimi sibishi kama kuna vitu vinachelewa. Lakini Katiba yenyewe inaruhusu vifungu vingi virekebishwe, njia iko wazi. Mashini ikikwama, natafuta penye imekwama. Sianzie kwenye fizibu. Na kama haihusu manda, basi waandike leo, kwa karatasi moja: 220 haiguswe, na Katiba mupya haitafuta miaka yenye imekwisha kutumika. Hatujaiona ile karatasi.

Tena kifungu cha 219 kinakataza marekebisho wakati wa vita na wakati wa état de siège. Sisi hapa tuliingizwa ndani ya état de siège Mei 2021. Tuliwekewa gavana mwanajeshi. Masisi na Rutshuru, kwa sehemu kubwa, hawakupiga kura Desemba 2023, na wakati ule watu wao wengi walikuwa kwenye mahema pembeni ya muji. Hawa njo munataka kuwauliza mambo ya referandumu?

Na musiniambie hii ni woga wa bure. Januari 2011 Bunge lilitoa sehemu moja ya Katiba kwa haraka haraka: duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Wengi wetu tulinyamaza, tulisema ni mambo ya wakubwa. Matokeo tuliyaona: 2018, mushindi alitangazwa na 38,57 kwa mia. Zaidi ya wapigakura sita juu ya kumi walichagua mwingine. Wenye walitoa ile duru waliitoa kwa faida yao, ikaja kufaidisha watu wengine. Waya haujui nani aliuweka.

Januari 2015 walijaribu tena, kwa kufunga uchaguzi kwenye sensa yenye ingechukua miaka. Ile mara wanafunzi na vijana walitoka barabarani, Kinshasa, Goma, Bukavu. Makumi ya watu walikufa. Siku chache tu, Seneti ikatoa ile sentensi. Ninaandika hii polepole, juu kuna watu leo wanasema maandamano hayajawahi kubadilisha kitu.

Sasa nageukia wenzangu, wainjenieri na watu wa kompyuta. Munapenda kusema: "Sisi ni watu wa teknike, siasa ni muchafu." Lakini mashini ya kupigia kura ni kitu gani? Betri, ekra, karatasi ya kuchapa. Ni teknike tupu! Kama wewe mwenye unaielewa unabaki nyumbani, nani atajua kama ilikufa yenyewe ao iliuliwa?

Desemba 2023 nilikuwa muangalizi kwenye kituo kimoja cha mutaa wetu. Mashini iliisha betri katikati ya siku. Muangalizi haruhusiwe kugusa, nilikaa kwenye benchi mikono imefungwa, naumia. Usiku walihesabu kwa tochi za simu. Wakamaliza, wakaandika PV, wakaanza kufunga mizigo. Nikauliza: "Na ya kubandika mbele ya kituo? Sheria inaitaka." Wakajibu kole haiko. Inchi yenye kobalti yote hii, kole haiko!

Mama mumoja, muuza mandazi mwenye alikuwa amebaki kuangalia, hakubishana na mutu. Alienda kwake, akarudi na uji wa unga wa muhogo ndani ya bakuli ya plastiki. Tulipaka kwenye ukuta kwa mikono, PV ikashika. Watu wakatoa simu, wakaipiga picha, mumoja akasoma hesabu kwa sauti kwa wale wa nyuma. Mimi miaka 5 ya universite, na yeye njo alitengeneza.

Kwa hiyo siku ya posho, saa tisa, nitakuwa kwenye kiwanja nyuma ya soko. Nimechapa vifungu vya 64, 70, 219 na 220, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu. Tutavisoma kimoja kimoja, kila mutu aulize. Kuna benchi mbili tu, mwenye iko na kiti akuje nacho. Na ule mwenye anataka Katiba ibadilishwe akuje pia, tutamupa nafasi ya kusema.