Waziri Hakuwa Nahodha

Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoani Mwanza na Shinyanga, raia waliokamatwa waliteswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakumpiga mtu hata kofi. Januari 1977 alijiuzulu. Polisi walikuwa wa wizara yake, basi. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaachia ngazi.

Sasa njoo Septemba 20, 2018. Ni siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kinaondoka kimesheheni watu wamebanana na magunia ya mahindi na mifuko ya saruji, kinapinduka gati la kisiwa cha Ukara likionekana kwa macho. Wakafa watu zaidi ya 220. Rais Magufuli akavunja bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, na kutengua uteuzi wa mtendaji wake mkuu. Waziri mwenye dhamana? Aliendelea na wizara yake hadi 2020.

Watetezi wana jibu moja tu: waziri hakuwa nahodha. Kweli, hakuwa. Mwinyi naye hakuwa askari! Wa kumshika nahodha ni polisi na mahakama. Waziri tunamdai kitu kingine kabisa. Kivuko kikizinduliwa, anayekata utepe ni yeye. Shangwe anazipokea, king'ora kinamtangulia, na bungeni anasimama kusema "wizara yangu". Kikizama, ghafla wizara inakuwa ya wataalamu, na yeye anageuka mfiwa mwenzetu, anatoa pole.

Ati tuna sheria ya maadili. Tunayo, tangu 1995, na kila Desemba viongozi hupeleka fomu za mali na madeni Sekretarieti ya Maadili. Vizuri. Lakini fomu hiyo huhesabu nyumba na mashamba. Maiti haina safu yake.

Wengine hunong'ona kwamba kujiuzulu ni kujizika kisiasa. Kwa historia ipi? Mwinyi alikwenda kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, mwaka uliofuata Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hakungoja kutenguliwa usiku kwa tangazo la Ikulu. Aliandika barua mwenyewe, akatoka mlango wa mbele. Sasa ninyi mnaogopa nini, waheshimiwa?